Hilux LN106 ya 3L, bajeti milioni 1.8: nianze na nini kabla ya msimu wa viazi?

viazi_kwa_gunia
Wakuu, habari za jioni. Pikapu ni Hilux LN106 ya 1995, injini 3L ya dizeli, gia za mkono, 4WD. Kazi yake ni kutoa viazi mashambani huku Njombe, gunia 12 za lumbesa kwa safari. Hali yake:

Asubuhi inasumbua kuwaka, ikiwaka inatoa moshi mweupe dakika tatu nne kisha unakata. Ikipandisha mlima na mzigo mshale wa joto unapanda, ikifika tambarare unarudi. Nyuma imelala, kwenye mashimo tairi zinagusa bodi. Taa hafifu. Mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu zifuatane na pistoni) haujulikani ulibadilishwa lini. Fundi mmoja anashauri nitoe themostati (valvu inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto), mwingine anataka nifunge taabo (turbo). Nina milioni 1.8. Ipi kwanza?

Nozeli_Nne
Taabo sahau. Injini inayopanda joto bila taabo, ukiifunga taabo unanunua silinda hedi mpya.

Cha kwanza ni mkanda wa taimingi, hata kabla ya hiyo joto. Toyota wameuwekea kilomita 100,000, na kwa gari isiyo na kumbukumbu hesabu kwamba umeshapita. Ukikatika kwenye 3L valvu zinagonga pistoni, na hapo milioni yako yote imekwisha. Nunua mkanda pamoja na rola yake ya kukazia, na sili za mbele za kamshafti (shafti ya valvu) na krankishafti (shafti ya pistoni). Sili zikivuja, oili inaloanisha mkanda mpya na hautamaliza muda wake. Alama zikishakaa sawa, zungusha krankishafti kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono, uzikague tena. Ikikwama popote usilazimishe, kuna jino limeruka. Fundi akikwambia lazima ubadilishe na pampu ya maji "kwa kuwa tumeshafungua", mwulize kwa nini: kwenye injini hii pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa feni, si wa taimingi. Ibadilishe ikiwa inavuja au beringi inacheza.

Sasa joto. Fuata mpangilio huu, maana unaanza na vya bei rahisi:

Mfuniko wa rejeta. Njombe mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huko yanachemka kwenye digrii 93 hivi. Mfuniko mzima wa presha ya 0.9 bar unasogeza kiwango hicho hadi kupita digrii 110. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote imepotea.

Kava la plastiki linalozunguka feni. Pikapu nyingi za umri huu hazina, mafundi wanalitoa na hawalirudishi. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni, si ya kupitia rejeta.

Kluchi ya feni. Injini ikiwa moto, zima, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa, oili ya silikoni ndani imekwisha.

Rejeta yenyewe. Osha tope kwa maji yasiyo na kasi kubwa, ukitokea upande wa injini kwenda nje. Kama ni ya shaba, mafundi wa rejeta wanafungua tenki na kuchokoa mirija. Ni rahisi kuliko kununua mpya ya alumini isiyo na jina.

Themostati usiitoe. Ile yenye kisahani kidogo chini ina kazi mbili: ikifunguka kwenda rejeta, kisahani kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka injini bila kupoa. Ipime kwenye sufuria ya maji ya moto. Isipofunguka nunua nyingine ya aina hiyohiyo.

Mwisho, kabla ya kutumia hela yoyote hapo: washa asubuhi injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo, au ukifunga mfuniko mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika mbili, gasketi au hedi imeshaharibika.

mama_spea
Moshi mweupe unaokata ukipata moto, na unanuka dizeli mbichi, ni hita plagi (zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha). Toa kile kibati kinachoziunganisha zote nne, pima kila moja kwa mita: nzima inasoma chini ya omu moja au mbili, iliyokufa haisomi kitu. Kabla ya kununua soma volti zilizoandikwa kwenye plagi ya zamani. Ukifunga za volti ndogo kwenye mfumo wa volti 12, ncha zinavimba na kukatikia ndani ya hedi. Na kama moshi hauna harufu ya dizeli na maji yanapungua, rudi kwenye kipimo cha mapovu.

Senta_Bolti
Mkuu, gunia 12 za lumbesa zinapita tani moja, na hiyo gari ni ya tani moja. Hakuna springi ya kurekebisha hilo.

Ukiongeza jani la springi, chukua la upana uleule, milimita 60, lenye mkunjo unaolingana na yaliyopo. Senta bolti (inayoshika majani pamoja) mpya, yubolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) mpya. Za zamani zimeshavutika, zinalegea. Kaza tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Na wengi hili wanalisahau: kuna fimbo kutoka ekseli ya nyuma hadi valvu ya breki kwenye chasisi. Inapima gari imelala kiasi gani ili itoe presha ya breki za nyuma. Ukipandisha gari sentimita 4, valvu inadhani huna mzigo na inapunguza breki za nyuma. Pandisha kibano cha fimbo kwa sentimita hizohizo 4.

Taa: balbu mbili za wati 60 ni ampea 10, zote zinapita kwenye waya mwembamba na swichi ya miaka 30. Weka rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo), waya wa shaba wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ya 20 karibu na betri. Mwambie fundi umeme kwamba kwenye Toyota hizi swichi inakata hasi, si chanya. Asipojua hilo atahangaika siku nzima.

viazi_kwa_gunia
Nashukuru sana wakuu. Gunia nitapunguza. Swali la mwisho: kuna altaneta ya Toyota ya petroli naipata kwa bei nzuri, ampea nyingi zaidi. Niifunge?

Nozeli_Nne
Hapana. Ya kwako ina pampu ya vakyumu mgongoni, ndiyo inayolisha buusta ya breki (inayosaidia mguu kukanyaga). Ukifunga ya petroli utakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Ukiwa hapo kagua mpira mdogo wa oili unaoingia kwenye pampu hiyo. Ukipasuka barabarani unamwaga oili yote ya injini.