Nitazame nini katika mkusanyiko binafsi wa pikipiki za zamani?

MsafiriWaMbali
Ndugu zangu, salamu. Wiki ijayo nina safari ndefu ya pikipiki, na njiani yupo mzee mmoja anayehifadhi pikipiki za zamani zipatazo ishirini katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Si makumbusho, hakuna tiketi wala saa za kufungua, nami nimekaribishwa kwa simu tu kupitia kwa rafiki. Yangu ni ya kisasa, ya kubonyeza kitufe, na hizo za kale nimezijua kwa picha peke yake. Ningependa kujua nitazame nini ili nisitoke humo nikiwa nimeona rangi na kromu tu, na kama ni adabu kumwomba mwenyeji awashe mojawapo niusikie mlio wake.

FundiMstaafu
Ndugu Msafiri, anza na jaketi lako. Zipu zake, pamoja na bizimu ya mkanda, huchora tangi mtu anapoinama kuchungulia injini, kwa hiyo livue mlangoni kabla hujaambiwa.

Ukishaingia, anzia chini. Katika pikipiki za Kiingereza kama Triumph Bonneville, iliyotoka mwaka 1959, utakuta pedali ya gia iko kulia na breki ya nyuma iko kushoto, kinyume cha yako, na mpangilio huo uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1970, Marekani ilipotaka gia ziwe kushoto. Kisha chutama utazame kasha la injini. Limeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa wima, ubavu kwa ubavu, hivyo kiungo chake hupita hadi chini kabisa, mahali oili inapokusanyika na kuvuja. Ndiyo maana hutakosa kuona sinia au kipande cha boksi sakafuni. Akiwa nayo Honda CB750 ya mwaka 1969, iendee papo hapo: kasha lake limekatwa kwa mlalo, injini ina silinda nne, mbele kuna breki ya diski, na inawaka kwa kitufe. Ukizitazama hizo mbili kwa pamoja utaelewa kwa nini viwanda vya Uingereza vilibanwa sokoni, bila ya mtu kukuhutubia.

Kuhusu kuwasha, mwombe tu. Hakuna mwenye pikipiki asiyependa kuisikia.

BiSpana
Kwa heshima zote, Mzee Fundi, hilo la mwisho sikubaliani nalo. Nyingi za hizo huweka oili katika tangi la pembeni, na zikikaa wiki kadhaa oili hiyo hupenya polepole kupitia pampu hadi ikajaa chini ya injini. Mwenyeji atalazimika kuimwaga kwanza, la sivyo banda zima litafuka moshi. Isitoshe, injini iliyowashwa dakika mbili ikazimwa kabla ya kupata moto hubaki na unyevu ndani. Msafiri, subiri mwenyewe aseme. Bei usiulize kabisa. Na ile yenye kutu na rangi iliyopauka, iliyosukumiwa pembeni, usiipite: rangi mpya hupakwa wakati wowote, lakini ile iliyotoka nayo kiwandani ikishakwanguliwa haipo tena.

KikiMoja
Mimi ningemuuliza swali moja tu: kati ya zote, ni ipi anayoipanda? Mengine atayasema bila kuulizwa.

MsafiriWaMbali
Nimerudi, na shukrani kwenu nyote. Dada Spana, nilinyamaza kama ulivyoshauri, lakini swali la KikiMoja ndilo lililofungua mlango, kwa kuwa mzee alikwenda moja kwa moja kwenye Bonneville aliyokuwa ameipanda siku iliyotangulia. Alifungua petroli, akabonyeza kitufe kidogo juu ya kabureta hadi petroli ikamlowesha kidole, akaikanyaga kiki mara mbili taratibu bila swichi, na ya tatu ikawaka. Tuliiacha ingurume hadi mapezi ya kupozea silinda yakawa hayashikiki kwa moto. Alipoizima, alilirudisha sinia chini yake, akalisogeza kwa ncha ya kiatu, akangoja mpaka tone la kwanza likaangukia katikati.