Walimu wa darasa la kwanza nisaidieni: majira ya mwaka yanaimbwa tu, hayaingii

Mwalimu Njia ya Pangani

Habari za jioni wanajamvi. Nafundisha darasa la kwanza, shule ya serikali hapa Tanga, njia ya kwenda Pangani. Nina watoto 87, mkondo mmoja. Ukutani nimebandika bango la manila nililochora mwenyewe: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Watoto wanaliimba mpaka bati linatikisika. Juzi mvua inanyesha, hatusikilizani kwa kelele za paa, nikamuuliza mmoja: "Haya, sasa hivi ni majira gani?" Akatazama bango, akatazama dirishani, akanijibu: "Jumanne." Na kweli ilikuwa Jumanne.

Mwaka jana nilijaribu kipimo cha mvua. Nikakata chupa za maji, kila kundi na yake, tukazipanga nyuma ya darasa. Siku ya tatu chupa ya kundi la nne imejaa hadi shingoni, za wenzao vidole viwili. Kumbe kuna bwana mdogo alikuwa anaiongezea maji ya bomba ili kundi lake lishinde. Siku hiyohiyo akaja mzazi, mwanawe karudi nyumbani sare imejaa tope: "Mwalimu, mimi nimemleta asome, si kuchota maji." Mwalimu wa taaluma naye akataka kuona madaftari. Nikaacha.

Nataka kuanza upya, ila kitu cha kwenda nacho mwaka mzima, kisichokula muda wa kusoma na kuandika. Hela ya vifaa hakuna. Nawasilisha.

Chaki Kavu

Pole mwalimu mwenzangu. Chupa haina kosa, bango ndilo lenye kosa. Libandue. Mtoto wa miaka sita unampa jambo la Agosti akae nalo mwezi wa nne, atalishika wapi? Fundisha lililopo nje, mengine yaache yaje yenyewe.

Halafu zitazame silabi. Masika: ma-si-ka. Aliyemaliza irabu na silabi za kawaida anasoma mwenyewe, tena sasa hivi masika yako mlangoni. Kipupwe kina "pwe", kiangazi kina "nga", hata mvua yenyewe inaanza na "mv", mtoto anauma midomo hadi basi. Ukifungua shule Julai baridi ipo, asubuhi wanakuja na masweta, na wewe ndiyo umeingia silabi changamano. Hapo neno kipupwe unaliandika ubaoni na hakuna wa kuuliza maana yake. Vuli ni jepesi kusoma, ila liache mpaka Oktoba, waliandikie sentensi nzima. Taaluma akija, madaftari hayo hapo.

Nahodha wa Sahare

Mimi si mwalimu, ni mvuvi, mnisamehe kuingilia. Hayo majira manne ni ya ubaoni. Huku pwani mwaka tunaujua kwa pepo mbili. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi hivi, kusi inashika kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba. Katikati ni maleleji, upepo hauna msimamo.

Funga kipande cha kanga kuukuu kwenye mti mrefu uwanjani. Usifunge rambo, yaani mfuko wa plastiki, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, usije ukatozwa faini kwa ajili ya somo. Kaskazi ikivuma kitambaa kinaelekea kusini, kusi ikivuma kinaelekea kaskazini. Mtoto achore mshale tu. Na usidhani hawajui kitu: mtoto wa mvuvi anaijua siku ambayo baba hakwenda baharini. Muulize yeye kwanza kabla ya kitabu.

Kalamu Nyekundu

Samahani, mnampoteza mwenzenu. Darasa la kwanza ni KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Watoto 87, nusu hawajui kushika penseli, nyinyi mnatundika kanga kwenye miti.

Chaki Kavu

K ya tatu ni Kuhesabu, bibie. Hiyo mvua itahesabiwa na nani?

Mama Machungwa Muheza

Nina darasa la pili sasa, ila la kwanza nimelishika miaka mingi. Nakupa kimoja tu, kamba ya mwaka.

Tafuta kamba ya katani, Tanga hii utakosaje. Waambie watoto walete vizibo vya soda, vitoboe kwa msumari. Kila asubuhi anaitwa mmoja: akiona jua anachukua kizibo kinachong'aa, ikiwa mvua anachukua kilichopakwa masizi ya sufuria. Anakitunga kwenye kamba. Vikifika kumi mnafunga fundo. Dakika tatu, imekwisha, na hapo amefundishwa makumi na mamoja bila kelele. Siku za masomo kwa mwaka ni 194, kwa hiyo ukimaliza una mafundo 19 na vizibo 4 vya ziada, na masika yanaonekana kabisa: kipande kirefu cheusi. Mtoto anakigusa kwa mkono.

Chupa irudishe, lakini moja ya darasa zima. Mdomo uliokatwa ugeuze uwe kama faneli, uizike kidogo kwenye ndoo ya mchanga isianguke. Wasome wawili wa makundi tofauti, kwa vidole. Watagombana vidole vya nani, maana vya Salehe si sawa na vya Mwanaidi. Waache wagombane! Kesho yake ulete kijiti chenye alama.

Katikati ya mwaka machungwa yakijaa, kila kundi chungwa moja, wahesabu mbegu, watoe, wajumlishe. Hiyo nayo ni majira.

Ostadhi Chumbageni

Kuna aliyenishauri kuweka Ramadhani kwenye majira. Si majira hiyo, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Iwekeni kwenye mwezi, pamoja na bamvua, yale maji makubwa ya bahari. Watoto wa madrasa mwezi wanaujua kuliko sisi.

Mwalimu Njia ya Pangani

Mrejesho. Bango nimelibandua, nimegeuza nyuma yake nikaandika silabi. Kamba leo ina siku ya tisa: vizibo sita vyeusi, vitatu vya kung'aa. Yule wa "Jumanne" ndiye alikuwa zamu. Alisimama mlangoni muda mrefu, nje manyunyu tu, si mvua si jua. Akachukua cheusi, akakifuta masizi nusu kwa kidole, akatunga. Darasa likamlalamikia, naye akawaambia watoke nje wakatazame.

Sasa nimekwama: vizibo vya nusu navihesabu upande gani? Na msumari ninaotumia unapasua kizibo, kuna anayejua Ngamiani wapi wanauza midogo kwa rejareja?

Mama Machungwa Muheza

Msumari wa kiatu. Nenda kwa fundi viatu yeyote, atakupa kumi bure. Vya nusu wape kundi lao, mwalimu, ndiyo somo la kesho hilo.