Nyongeza ya bibi wa viazi

Mlima_Loleza: Wakuu, naomba ushauri. Jana alfajiri pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, baridi la Julai mpaka vidole vinagoma, nikanunua sado ya viazi kwa bibi mmoja. Akajaza hadi kilele, akaongeza vitatu, halafu akanichomekea parachichi, "la mtoto". Sina mtoto! Nikapanda daladala ya Uyole nacheka peke yangu kama chizi. Nimrudishieje?

Konde_la_Juu: Hela usimpe, ataona umemdharau. Mpelekee chai ya tangawizi mapema, kabla wateja hawajajaa.

Mwana_Tukuyu: Mwambie "ndaga fijo" tu, asante sana ya Kinyakyusa, inatosha. Parachichi umelila?

Mlima_Loleza: Nilimpa konda, alikuwa hajala kitu tangu usiku. Nauli akaikataa. Sasa nadaiwa kuwili!