Simu niliyomwachia mpwa Tanga bado inatafuta kwa jina langu

Kutoka: Shangazi, Denver

Ndugu zangu wa Tanga, hamjambo huko mliko? Mwaka juzi nilipokuja likizo nilimwachia mpwa wangu simu yangu ya zamani. Ana kibanda cha ufundi simu Ngamiani, Barabara ya 12. Akaunti yangu ya Google nikasahau kuitoa. Jana nafungua historia nitafute pishi la samaki wa kupaka, nakutana na "kutoa loki ya simu", "kubadili IMEI" (ile namba ya utambulisho wa simu), chungu nzima. Nami hapa nangoja uraia. Nifute yote yaishe?

Kutoka: Abu Digo, Aurora

Pole dada. Hapo Denver ndipo penye mfano wenyewe. Agosti 2020 nyumba ilichomwa moto, wakafa watu watano wa familia moja ya Wasenegali. Polisi walikuwa na picha za watu watatu wenye vinyago, jina hawana hata moja. Wakaipelekea Google hati ya upekuzi: nani alitafuta anwani ya nyumba hii katika siku 15 kabla ya moto? Ndivyo walivyowapata vijana wale. Mmoja alikuwa ameibiwa simu, programu ya kuisaka ikamwonyesha nyumba ile, ya watu wasiohusika kabisa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Colorado ikaruhusu ushahidi ule kwa kuwa polisi walitenda kwa nia njema. Haikusema hati za namna ile ni halali siku zote.

Walianza na neno, mtu akaja baadaye. Neno likiwa kwenye akaunti yako, jina linalotoka ni lako. Anwani ya IP, yaani namba ya kifaa mtandaoni, itaonyesha simu ilikuwa Tanzania, sawa, lakini mpaka uyaeleze hayo umeshamlipa wakili.

Ingia sehemu ya usalama, kwenye orodha ya vifaa, iondoe simu ile. Badili nywila. Weka historia ijifute kila miezi 3. Ile hali fiche (incognito) ya kivinjari isikudanganye, inamfichia anayeshika simu yako tu. Ya nyuma yafute leo ukitaka, ila ukisikia polisi wanauliza, usiguse kitu, mwone wakili. Kufuta wakati huo ni kuharibu ushahidi.

Kutoka: Mzee wa Raskazone

Nyumbani nako msijisahau. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuamuru upekuzi bila kupita mahakamani. Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa 2016, akashtakiwa. Polisi walitaka taarifa za wanachama wake, naye hakuzitoa.

Kijana nimempitia leo baada ya alasiri. Nimemwambia kubadili IMEI ni kosa. Anasema wateja ndio wanaouliza, yeye husoma tu. Haya. Akaunti ameitoa nikiwa nimekaa palepale.

Kutoka: Shangazi, Denver

Shikamoo Mzee, ahsante sana. Kweli, simu ile haimo tena kwenye orodha. Ila kijana kanipigia analia: namba za wateja wake zote alizihifadhi kwenye akaunti yangu. Ninazo hapa mia mbili na ushee, "Juma Kioo", "Mama Duga Chaji". Nani anajua kuzihamisha?