Tupeane uzoefu: wazee wetu, baridi yabisi na mawazo

Mama Ghorofa ya Nne: Baridi hii ya Julai imenirudisha mbali. Mama ana miaka 71, magoti yote mawili yameisha. Tunakaa mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Mwaka jana nilitoka kazini saa moja jioni nikamkuta chooni. Si mnajua hivi vyoo vyetu vya kuchuchumaa. Aliingia saa saba mchana, magoti yakakataa kumwinua, akaketi kwenye simiti yenye maji mpaka nilipofika. Jirani alikuwepo siku nzima, ukuta ni mmoja. Nikamuuliza, mama, mbona hukuita? Akasema, "Mtoto wa watu anikute hivi?"

Yaliyofuata ndiyo yaliniumiza zaidi. Aliacha kunywa maji. Niliona midomo imekauka, kumbe anajinyima asihitaji choo. Simu za wenzake wa chama akawa hapokei. Mkasi wake, na ameshona soko la Gikomba miaka mingi, akampa binti wa jirani: "Mimi wa nini tena." Kliniki walipima goti wakatoa dawa ya goti. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Hata mimi sikumuuliza.

Mlio na wazazi kama huyu, mlifanyaje?

Dada wa Kayole: Pole sana. Hapo kwa maji nimelia. Shosho yetu alifanya hivyo hivyo.

Baba Wawili: Mrudishe mashambani. Huko kuna nyumba ya chini, jua na watu wa rika lake.

Dada wa Kayole: Na nani atamwosha? Wewe, au mke wako?

Baba Wawili: Usinivunjie heshima. Mama yangu yuko Murang'a, anatembea mpaka kanisani.

Dada wa Kayole: Anatembea kwa kuwa bado anaweza. Huyu hawezi. Soma tena alichoandika dada.

Kijana wa Dago: Mpelekeni kemisti adungwe. Guka, babu yangu, alidungwa sindano moja akaamka siku hiyo hiyo.

Muuguzi Mstaafu: Hapana, kijana wangu. Sindano nyingi za aina hiyo ni za steroidi. Maumivu hutulia kweli, lakini zikirudiwa-rudiwa sukari na presha hupanda na mifupa hudhoofika. Nimewauguza watu hao. Hata diklofenaki, hiyo dawa ya maumivu, ya kila siku, kwa umri wa mama, inaweza kumharibu tumbo na figo.

Binti yangu, hayo ya mkasi usiseme ni uzee. Yanafanana sana na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona inatibika. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wazee 1,001 wenye baridi yabisi na sonona kwa pamoja. Waliotibiwa sonona kwa ukaribu, kwa dawa au kwa vikao vya kutatua shida moja moja, walipata nafuu ya moyo na hata maumivu yao yakapungua kuliko ya wale waliopewa huduma ya kawaida. Mwambie daktari habari za mkasi na za maji, asiangalie goti peke yake. Na umuulize mama waziwazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakutamtia wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mtumishi: Maombi kwanza, ndugu zangu.

Muuguzi Mstaafu: Omba, mtumishi, huku gari la hospitali linasubiri mlangoni.

Mzee wa Jericho: Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, miaka 68. Nilikuwa dereva wa matatu, leo vidole havifungi kifungo cha shati. Asubuhi viungo vinakaza zaidi ya saa nzima. Mke wangu akinivalisha nageuza uso. Watoto wananunua dawa, Mungu awabariki, lakini wakishaondoka nabaki na maumivu hayo mpaka jioni, sina mtu wa kuongea naye. Mama huyo namwelewa. Mrudishie mkasi hata kama hataushika.

Dada wa Kayole: Shikamoo mzee. Pole sana.

Mama Ghorofa ya Nne: Asanteni. Mzee, nimeenda kwa jirani sasa hivi, binti amenipa mkasi bila neno. Kliniki ni Jumanne. Choo ndicho bado.

Binti wa Dandora: Sisi fundi wa mbao alitutengenezea kiti chenye tundu, tunakisimamisha juu ya choo. Miguu iwe mipana, na mwekee chuma ukutani ashike akiinuka. Chukua kwanza urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake.

Baba Wawili: Huyo fundi yuko wapi? Mama huwa anasema anatembea, lakini sijawahi kumuuliza habari za choo.