Biriani inaivaje dakika 7 kwenye vipindi vya mchana? Naomba ushauri

KijikoKikubwa
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mtazamaji wa siku nyingi wa vipindi vya mchana, vya mazungumzo na mapishi. Kinachonikera: mpishi anatia vitunguu kwenye mafuta, mtangazaji anamuuliza habari za ndoa, wanacheka, kufumba na kufumbua biriani iko mezani. Inawezekana vipi? Na mtu wa kawaida anaweza? Haraka tafadhali.

FundiStudio
Haiivi pale, mkuu. Chakula kinapikwa mara kadhaa kabla ya kipindi, kila mara kinaachwa hatua tofauti. Chini ya meza kuna nyama iliyorowekwa viungo, sufuria ya rojo lililoiva, wali ulioiva nusu na sahani iliyokwisha pambwa. Mpishi anaanza hatua, anasema "baada ya saa moja itakuwa hivi", anabadilisha chombo. Julia Child, mpishi wa TV wa Marekani, alifanya hivyo Boston tangu 1963. Waliopika kweli, saa ikihesabu, ni kipindi cha Ready Steady Cook cha BBC, kilichoanza 1994: viungo vya pauni 5, dakika 20.

MtoaUtamu
Mimi namsubiri yule anayesema "mmmh, tamu sana" kabla kijiko hakijafika mdomoni.

BintiPemba
Vitunguu pekee vinataka dakika 20 mpaka viwe vya kahawia na vikauke. Ukivitoa vikiwa vyeupe, rojo linakuwa la maji na utamu wa biriani umekwisha. Kilo ya nyama weka papai bichi lililosagwa kijiko kimoja cha chakula, si zaidi, la sivyo nyama inakuwa uji. Na wanaochanganya nyama na wali kwenye sufuria moja halafu wanaita biriani, hiyo ni pilau iliyojipaka rangi.

Mchungaji_Mtaa
Saa 8 mchana mtu mzima anatazama TV? Ndiyo maana mashamba yamejaa magugu.

FundiStudio
Mtoa mada, "haraka" ya nini? Kuna kitu umekificha.

KijikoKikubwa
Haya. Nimeitwa nikapike Ijumaa, moja kwa moja hewani, dakika 7. Nimeshawaambia biriani ya ng'ombe na wateja wangu nimewatangazia. Msiniambie nibadilishe.

BintiPemba
Badilisha. Ng'ombe anataka saa moja na nusu motoni. Pika samaki wa kupaka, samaki umchome nyumbani, pale uonyeshe tui tu.

KijikoKikubwa
Samaki kila mtu anapika. Biriani ndiyo jina langu.

FundiStudio
Basi sikiliza. Ukiwa na dakika 7, ya kwanza inaliwa na salamu na ya mwisho na kuonja. Zinabaki tano: onyesha kuroweka nyama, vuta rojo lililoiva, panga tabaka, funika, fungua sufuria ya pili. Ya pili iwe imekaa kwenye mvuke dakika 20 kabla hujaingia. Wali uutoe kwenye maji kiini kikiwa bado kigumu, dakika 5 hadi 7, maana utaendelea kuiva kwenye mvuke. Chakula cha kamera kikikaa vuguvugu kwa saa kadhaa chini ya taa, asionje mtu. Wali wa namna hiyo unaumiza tumbo hata ukipashwa tena. Cha kuonja kiwe kingine, cha moto. Usivae mistari myembamba, inacheza kwenye kamera. Na usiwashe blenda mtangazaji akiongea.

Kibonge_Tz
Hii chai. Kituo gani kinamwita mtu bila kumpa orodha ya vifaa? Akaunti yenyewe ya juzi. Ngojeni namba ya simu ya kuagiza biriani.

MtoaUtamu
Chai ya tangawizi kabisa.

KijikoKikubwa
Orodha ninayo! Nije na sufuria na viungo vyangu, wao wana jiko la umeme la kioo, lisilo na moto. Na nusu ya malipo ya nafasi nimeshatoa.

Kibonge_Tz
Kumbe umelipia! Basi tangazo ni kweli, ila mteja ni wewe.

FundiStudio
Acheni hayo kidogo. Kioo, halina moto? Hilo huenda ni la indaksheni. Linapasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, na sufuria ya alumini haipati moto. Utasimama hewani mafuta yakiwa baridi. Chukua sumaku, ibandike chini ya kila sufuria. Isiposhika, waombe sufuria zao leo, si Ijumaa asubuhi.

KijikoKikubwa
Nimejaribu na ile ya mlango wa friji. Hakuna iliyoshika, hata kikaango. Nawapigia sasa hivi. Biriani iko palepale.

BintiPemba
Ukishika simu, waulize na kama kuna sinki.