Winmail.dat inanitesa: HTML, maandishi matupu au kiungo?

Karani_wa_Safari: Habari zenu wakuu. Natuma ankara za safari za Kilimanjaro kwa wakala aliyeko Ujerumani. Mimi natumia Outlook ya kompyuta, yeye ana programu nyingine ya barua pepe, Thunderbird ya zamani. Kila PDF ninayomtumia anaiona kama faili la winmail.dat lisilofunguka. Nihamie HTML (barua yenye mapambo, kama ukurasa wa wavuti), maandishi matupu, au niweke Google Drive nimtumie kiungo?

Fundi_Bomba: Mkuu, PDF inafika, ila imefungwa ndani. Ukiandika kwa Rich Text, mtindo wa Outlook yenyewe wa kupamba barua, Outlook hukunja mapambo na viambatisho vyote kwenye muundo wa Microsoft uitwao TNEF. Programu isiyoujua inabaki na furushi tu. Weka HTML kwenye mipangilio, yaishe.

Mama_Risiti: Mimi kura yangu ni maandishi matupu. Miaka yote hayajanigombanisha na mteja.

Fundi_Bomba: Dada, akiwa na jedwali la bei je? Utalipanga kwa nafasi, likifika kule tarakimu zote zimehama. Ila HTML nayo usiipambe. Outlook ya Windows ilianza kuichora kwa injini ya Word tangu toleo la 2007, inayovuruga mapambo mengi, na Gmail hukata ujumbe unaozidi KB 102. Jedwali la kawaida linatosha.

Mama_Risiti: Hapo kwenye jedwali umenipata.

Kijana_wa_Seva: Kiungo kiache kwa mafaili makubwa. Kikomo cha kutuma kwa Gmail ni MB 25, na kiambatisho kikisafiri hunenepa kwa kama theluthi moja. Ila kumbuka kufungua ruhusa. Mimi nilisahau, mteja akaniomba ruhusa saa tisa usiku!

Karani_wa_Safari: Nimeweka HTML. Wateja wengine wanafungua vizuri, Mjerumani wangu bado analia na winmail.dat.

Fundi_Bomba: Unamjibu kwenye barua ya zamani? Jibu hurithi mtindo wa barua unayoijibu. Anza mpya. Pia fungua jina lake kwenye orodha ya anwani, bofya mara mbili barua pepe yake, uangalie mtindo wa kutumia. Huenda yeye peke yake amewekewa Rich Text.

Karani_wa_Safari: Ndiyo yenyewe! Alikuwa na Rich Text yake binafsi, sijui nani aliiweka. Ankara imefunguka. Sasa mwingine wa Gmail anasema zangu zinaangukia spamu.

Kijana_wa_Seva: Huo ni ugonjwa mwingine, HTML haihusiki. Tangu Februari 2024 Google inataka kila anayetuma kwa Gmail awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua). Angalia rekodi za TXT, yaani mistari ya maelezo kwenye mipangilio ya kikoa chenu (jina lenu la mtandaoni): mistari inayoanza na v=spf1 iko mingapi?

Karani_wa_Safari: Miwili. Mmoja wa seva ya zamani, mmoja wa huduma tuliyohamia.

Kijana_wa_Seva: Inatakiwa mmoja tu. Ikiwa miwili, seva inayopokea inahesabu kuwa ni kosa, hata kama kila mmoja peke yake uko sawa. Kama seva ya zamani hamuitumii, futa wake. Kama bado inatuma, ziunganishe kwenye mstari mmoja. Kisha washa DKIM.

Karani_wa_Safari: Nywila ya kikoa anayo kijana aliyetutengenezea tovuti. Tangu asubuhi nampigia, hapokei.

Mama_Risiti: Mlimmalizia pesa yake?